Mashine ya Profesa Inafikiri

Jina la Profesa hakupewa na chuo chochote. Alipewa na mtaa, tena kwa kejeli, naye akalipokea kwa mikono miwili, akalivaa, akalizoea. Ukimwita "fundi" anajifanya hasikii. Ukimwita "Profesa", hata akiwa anapiga mswaki ataitika na povu mdomoni.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, pasi, feni na chochote chenye waya, ndani ya kibanda cha mabati kilichojaa mashine zilizokufa mpaka juu. Mteja akileta redio iliyonyamaza, Profesa hawezi kusema waya umekatika, hata kama ule waya uliokatika ameushika mkononi. Atashusha miwani mpaka ncha ya pua, atavuta pumzi, kisha atatamka: "Hapa kuna mgongano wa mawimbi katika mfumo wa pili." Maskini mteja anaitikia kwa kichwa na kuondoka akijiona mjinga. Na redio ikimshinda kabisa, haijamshinda. Imefika "mwisho wa uhai wake wa kisayansi". Neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwake. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali asipopajua atakuelekeza vizuri kabisa, na utapotea vizuri kabisa.

Tena alikuwa bahili wa ujuzi, na ujuzi wenyewe ndio huo. Kila alichotengeneza alikifungia. Alikwangua kwa wembe maandishi yaliyo juu ya vipuri ili mtu asitambue ni vipuri gani, kisha akavimwagia gundi nyeusi mpaka vyote vikawa bonge moja. "Siri ya kazi," alisema. Aliyekuwa anafichwa ni fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole ambaye foleni ya wateja wake haikumpa hata nafasi ya kunywa chai, sembuse kuiba siri ya pasi.

Mkewe aliitwa Mama Vifaranga, na huyu jina lake alilistahili. Katika chumba cha uani alikuwa na friji bovu lililogeuzwa mashine ya kutotolesha: balbu nne chini, trei tatu za mayai, bakuli la maji la kutia unyevu, na kipimajoto kilichoning'inia nyuma ya kioo kidogo mlangoni. Wanawake wa mtaa walimletea mayai ya kuku wao, kila mmoja akiyatia alama yake kwa penseli, huyu duara, yule mstari, mwingine nyota, na baada ya siku ishirini na moja wakaja kuchukua vifaranga. Mayai hayakuwa yake. Chake kilichokuwa humo ndani kilikuwa ni ahadi, na Mama Vifaranga hajawahi kumvunjia mtu ahadi tangu avunje ungo.

Sasa swichi ya joto, ile iliyokuwa ikiwasha na kuzima balbu yenyewe, ikafa. Awamu iliyofuata alikaa kwenye kigoda siku zote ishirini na moja, jicho kwenye kipimajoto, mkono kwenye swichi ya ukutani. Joto likipanda anazima, likishuka anawasha. Vifaranga walitoka, lakini miguu yake ilivimba mpaka viatu vikakataa.

"Mzee," alimwambia mumewe, "mimi kukaa hivi tena siwezi. Ninunulie swichi nyingine, au niwarudishie watu mayai yao."

Ingekuwa wako peke yao, pengine angenunua. Lakini walikuwepo wanawake watatu na vikapu vyao, na Profesa mbele ya watu ni mtu mwingine. Akajipiga kifua. "Kununua? Mimi nitaunda. Tena ya kisasa, yenye kompyuta ndani."

"Kompyuta unaijua?" akauliza muuza vitambaa, jirani wa mlango wa pili, mwanamke asiyejua kupakapaka maneno mafuta.

"Kompyuta na redio ni ndugu wa baba mmoja," akajibu Profesa, na akatoka kabla hajaulizwa mama yao ni nani.

Kompyuta hakuijua. Aliyeijua alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye kila Jumamosi alifundisha wanaoanza katika chumba cha nyuma cha maktaba. Aliwafundisha kuunganisha vibao vidogo vya kompyuta, upana wake kama pakiti ya biskuti, na taa, vitufe, vipima joto na vitu vingine vya kushikika. Ada hakuna. Kila mwanafunzi anaazimwa boksi la vifaa, anafanya zoezi, anachomoa kila kitu, anarudisha ndani, wiki inayofuata anaanza zoezi jingine kwa vifaa vilevile. Profesa alikwenda Jumamosi ya kwanza amevaa koti. Kwenye karatasi ya mahudhurio wenzake waliandika "mwanafunzi". Yeye aliandika "mgeni rasmi".

Akakalishwa meza moja na dereva mstaafu wa malori, mzee aliyekuja na daftari, kalamu tatu na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutafutia ule wa kusomea. Dereva hakuwa na aibu hata chembe. Kila dakika tano alinyoosha mkono: "Mwalimu, hapo sijaelewa, hebu rudia." Profesa alikuwa akiona haya kwa niaba yake.

"Kibao hiki," alisema mpwa, "hakijui chochote mpaka ukiambie. Usione kinaitwa kompyuta ukadhani kina akili. Leo tunakiambia jambo moja tu: washa taa, subiri sekunde moja, zima, subiri sekunde moja, rudia. Basi. Wiki ijayo kitufe, inayofuata kupima joto, halafu rilei ya kuwashia vitu vikubwa, mwisho tunaviunganisha vyote. Msiruke hata hatua moja, kila somo limekaa juu ya mgongo wa lenzake."

Wakaandika yale maagizo kwenye kompyuta, wakayapeleka kwenye kibao kwa waya. Na hapa lazima nimtendee haki, maana kumsema mtu si kumsingizia: kile kitaa chekundu kilipowaka, kikazima, kikawaka tena, Profesa alifurahi. Moyo ulimruka kama wa mtoto. Miaka thelathini alikuwa akifufua vitu vya watu wengine. Hiki alikiamuru mwenyewe nacho kikatii. Angesema tu, "Jamani, raha!" kama alivyosema dereva mstaafu, na dereva alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu za magazeti. Lakini Profesa alikohoa na kunong'ona, "Mchezo wa watoto huu."

"Mjomba, umeelewa?" mpwa akamuuliza alipopita.

"Mimi nilikuwa nakagua unavyofundisha. Unajitahidi."

Akaondoka na boksi kwapani. Hakurudi Jumamosi ya pili, wala ya tatu. Mpwa alipopiga simu aliambiwa mjomba ameshamaliza silabasi.

Alichokifanya ni hiki. Zile waya za darasani ni za kuchomeka na kuchomoa, na fundi wa zamani akiona waya unaocheza anawashwa mwili mzima. Akakaa kibandani na chuma chake cha kuchomea, akavigandisha vifaa vya kuazima kwa risasi ya kuyeyusha, kimoja baada ya kingine, kazi safi kwa kweli, inang'aa. Pale palipokuwa na kitaa chekundu akaweka rilei, maana rilei aliijua tangu ujana wake, na kwenye rilei akafunga balbu nne za friji. Kipima joto nacho akakigandisha kwenye kibao kwa sababu kilikuwemo kwenye boksi. Kwamba kibao kiambiwe kisome joto, na kiambiwe la kufanya kikishalisoma, hilo halikumpitia kichwani. Yeye alijua vitu vikishaunganishwa kwa risasi nzuri vitaelewana vyenyewe.

Kisha akakwangua maandishi kwa wembe. Akatia kila kitu kwenye kopo la plastiki, akamwaga gundi nyeusi mpaka pomoni, tundu la kuchomekea waya wa kompyuta likazama humohumo. Wewe! Siri ikafungwa. Siri yenyewe ilikuwa somo la kwanza, ambalo wanafunzi kumi na wanne wa maktaba walikuwa nalo kwenye madaftari.

Alhamisi Mama Vifaranga akapanga mayai mia na ishirini. Profesa akawasha umeme. Tak, balbu zikawaka. Tak, zikazima. Tak. Tak. Tak.

"Mbona inawaka na kuzima?" akauliza mkewe.

Hata Profesa alishtuka kidogo. Lakini kulikuwa na watu mlangoni, muuza vitambaa akiwa wa mbele, na jibu likatoka lenyewe kama chafya: "Inafikiri."

"Inafikiri?"

"Inapima, inafikiri, inaamua. Kila sekunde. Swichi ya zamani ilikuwa inakurupuka tu."

Na hapo, jamani, bahati ikamfanyia ubaya mkubwa kuliko mkosi wowote. Zilikuwa siku za joto. Balbu nne zikiwaka muda wote zingeyachemsha yale mayai. Zikiwaka nusu ya muda, joto likasimama palepale panapotakiwa. Mama Vifaranga alichungulia kioo asubuhi, thelathini na saba na nusu. Mchana, thelathini na nane. Akakiondoa kigoda chake akakiegemeza ukutani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akalala mchana na miguu juu ya mto.

Profesa alivimba kichwa hadi kofia ikambana. Alileta watu kuangalia. Aliwaweka mbele ya kioo na kuwaambia wanyamaze, wasiivurugie mawazo. Alieleza "akili ya kujitegemea" na "maamuzi ya sekunde kwa sekunde" huku balbu zikikonyeza kama jicho lenye kibanzi. Nyumba nzima ilikula, ikalala na kuamka na ile tak, tak, mpaka mkewe akasema hiyo mashine ina kwikwi, ipewe maji. Fundi simu naye alikuja, akachungulia, akasikiliza kidogo.

"Inazima hata joto likishuka, mzee?" aliuliza kwa adabu.

"Hiyo ndiyo siri ya kazi," Profesa akamjibu na kumfungia mlango.

Siku ya kumi na tano mvua ikaanza, ile ya kunyesha bila haraka, na baridi ikaingia mpaka kwenye mashuka. Mama Vifaranga alichungulia kioo: thelathini na tano. Saa mbili baadaye, thelathini na nne. Balbu zikaendelea vilevile, tak, tak, bila wasiwasi wowote.

"Mzee, joto linashuka."

"Imeshaona. Inajirekebisha."

"Mwambie basi huyo anayefikiri afikirie haraka."

"Ukiiingilia katikati ya hesabu utaiharibu," alisema Profesa. Akamkataza kugusa. Mama Vifaranga alifunika friji kwa blanketi mbili, akaweka chupa za maji ya moto ndani, akakaa tena kwenye kigoda. Alimwamini. Hilo ndilo linalouma. Mwanamke aliyeweza kutotolesha kwa jicho na mkono alikaa siku nzima na nyingine nusu akiangalia mashine ikikosea, kwa sababu mumewe alimwambia inajua.

Ijumaa mchana kipimajoto kikasoma thelathini na mbili. Profesa alikuwa amekwisha kulipiga friji kofi kila upande, dawa yake ya redio. Alikuwa amebadilisha plagi. Alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni akisema "mgongano wa mawimbi" kwa sauti ya chini, na hakukuwa na mteja wa kuitikia kwa kichwa. Kufungua kopo hakuweza, gundi ilikuwa jiwe. Mkewe akachukua simu, akampigia mpwa, akaiweka sauti ya juu.

"Mwanangu, mashine ya mjomba wako inayapoza mayai ya watu."

"Iko wapi? Isogezee simu, mama."

Akaisogeza. Tak. Tak. Tak. Tak.

"Mjomba upo hapo? Hizo balbu, zinawaka sekunde moja na kuzima sekunde moja? Muda wote? Joto likiwa juu na likiwa chini?"

"Katika hali ya kawaida ya mfumo..." Profesa akaanza.

"Ndiyo," akasema mkewe.

"Mjomba," mpwa akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo, "hilo ni somo la kwanza. Hakijui habari ya joto. Hukukiambia."

Mama Vifaranga alichomoa mashine ukutani, akachukua koleo la mumewe mwenyewe, akakata waya mbili zilizotoka kwenye kopo, akamnyooshea. "Unganisha moja kwa moja kwenye swichi ya ukuta." Profesa akaunganisha. Mkewe akawasha balbu zote, akasogeza kigoda karibu na kioo, na akakaa, miguu yake imeanza kujaa tena juu ya vifundo. Zilibaki siku tano. Alimtazama mumewe mara moja tu, na Profesa angependa zaidi atukanwe.

Jumamosi asubuhi alikwenda maktaba bila koti. Darasa lilikuwa limefika kwenye rilei. Akaweka kopo jeusi mezani, na wanafunzi wakajongea kuangalia ni kitu gani. Mpwa alijaribu bisibisi, akajaribu patasi. Gundi ilipoachia iliondoka na nusu ya kibao.

"Hiki kilikuwa cha kuazima, mjomba," alisema taratibu. "Nina maboksi kumi na tano tu. Na hizi namba umezikwangua za nini?"

Profesa alitafuta neno kubwa. Alilitafuta kushoto, akalitafuta kulia, akashika miwani, na kila alilolishika likamponyoka. Darasa zima lilikuwa likimsubiri. Kule nyumbani mtu alikuwa kwenye kigoda.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililomshangaza yeye.

Dereva mstaafu akasukuma boksi lake katikati ya meza. "Tumia langu. Mimi kwangu hakuna kuku."

Wakaanza upya kuanzia taa. Mpwa hakumruhusu kuruka. Taa, kisha kitufe. Kwenye kupima joto alikwama, akataka kuendelea hivyohivyo, dereva akamshika mkono. "Hapo ndugu yangu hujaelewa, nakuona. Mimi pia nilikwama hapohapo. Uliza." Akauliza. Akauliza tena. Kipima joto kilipoandika namba kwenye kompyuta, na namba ikapanda alipokishika kwa vidole, Profesa alicheka peke yake kama mwendawazimu, na safari hii hakukohoa. Kufika saa tisa walikuwa wamekiambia kibao maneno machache tu: soma joto, likiwa chini ya thelathini na saba na nusu, washa, likiwa juu yake, zima, rudia. Alikibeba nyumbani kwenye sinia, waya zikiwa zimechomekwa tu na kunesanesa, akitembea kwenye matope kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni.

Mikono ilimwasha azigandishe zile waya. Hakuzigandisha. Alifunga balbu, akachomeka umeme, wakasimama wote wawili mbele ya kioo. Balbu zikawaka, zikabaki zimewaka. Kimya. Dakika moja, mbili, sita. Mama Vifaranga alikuwa amekaza macho kwenye kipimajoto. Thelathini na saba. Na nusu. Tak, zikazima zenyewe.

Alinyanyuka kwenye kigoda kwa kushika ukuta na kwenda kulala, bila kumpongeza mtu.

Siku ya ishirini na moja maganda yakaanza kupasuka. Jioni yake vifaranga walikuwa hamsini na wanne, manyoya yamekauka, wanapiga kelele. Siku ya ishirini na mbili akatoka mmoja zaidi. Mama Vifaranga alisubiri siku ya tatu mpaka jioni, akilishika kila yai sikioni. Kisha akayatoa yaliyobaki, akayapanga kwenye trei moja, alama za penseli zikiangalia juu ili zisomeke, na akamwekea mumewe mezani alipokuwa anataka kula.

"Sitini na tano," alisema. "Kila moja lina mwenyewe. Utakwenda wewe. Na mzee, uende na Kiswahili."

Alfajiri ya siku iliyofuata ingemfaa zaidi, watu wangekuwa wamelala. Mkewe akamtuma saa nne asubuhi, mtaa mzima upo nje unaanika nguo baada ya mvua. Profesa akashika trei kwa mikono miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa muuza vitambaa, alama yake nyota. Aliyaleta mayai thelathini. Vifaranga kumi na mmoja alikuwa ameshawachukua. Alikuwa barazani anakunja vitambaa, na wenzake wawili wenye mayai yao pia walikuwepo, kama ndoto mbaya.

"Jirani," Profesa akaanza, "kulitokea hali fulani katika mfumo wa..."

Muuza vitambaa akaendelea kukunja.

Profesa akaweka trei chini. Alivuta pumzi, na pua yake ikajaa harufu ya mayai yaliyoharibika. "Mashine haikuwa inafikiri," alisema. "Ilikuwa inawasha na kuzima tu, kama nilivyoiacha. Mama watoto aliona joto linashuka akaniambia, mimi nikamkatalia. Mayai yenu nimeyaua mimi. Nilisema najua kuitengeneza. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui."

Akasubiri. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kurushiwa kitu. Muuza vitambaa aliinua macho, akawaangalia wenzake, wakaangaliana.

"Kwamba hujui?" alisema. "Mbona hilo mtaa mzima tunalijua, miaka ishirini sasa. Tulidhani na wewe unajua."